Nguvu ya Mkimbiaji Huanzia Chunguni

Kila yanapokaribia mashindano ya shule tunawaona vijana wetu wakijizoeza mbio asubuhi na mapema. Wazazi hufurahi, walimu husifu. Lakini ni wangapi wanaouliza: kijana huyu amekula nini? Mara nyingi hajatia kitu kinywani tangu ugali wa jana jioni. Kisha akiishiwa nguvu njiani, huyu husema ni mvivu, yule husema amerogwa. Leo twataka kueleza sababu iliyo karibu zaidi, nayo ni chungu cha nyumbani.

Mwili wa mtu huweka akiba ya nguvu katika misuli na katika ini. Akiba hiyo, ambayo wataalamu huiita glikojeni, hutoka hasa katika vyakula vya wanga: muhogo, mahindi, mchele, viazi, ndizi. Tulalapo usingizi, akiba ya ini hupungua sana. Kwa hiyo mwanafunzi atokaye nyumbani bila kula, naye akakimbia saa nne za asubuhi, ni kama taa iliyokaribia kuishiwa mafuta. Wala karamu ya siku ya mashindano haiwezi kulipa njaa ya juma zima. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengine hudhani ya kuwa washindi wakubwa hula vyakula vya makopo vya bei kali. Sivyo. Mwaka 2004 ulitangazwa uchunguzi juu ya wakimbiaji 10 hodari wa Kenya. Robo tatu hivi ya nguvu yao ilitoka katika wanga: ugali, mkate, wali, viazi, uji. Walikula pia maharagwe na kabichi, wakanywa chai ya maziwa na sukari. Nyama waliila mara 4 tu kwa juma. Jambo la kuangaliwa ni hili: walikula mara 5 kwa siku.

Basi, wanga sisi tunao. Upungufu wetu uko kwenye kitoweo. Gramu 100 za unga wa muhogo hazina hata gramu 3 za protini, yaani chakula kinachojenga misuli. Gramu 100 za maharagwe makavu zina zaidi ya 20, na karanga vivyo hivyo. Ndagala wakavu wanazo nyingi kupita hizo. Konzi ya ndagala ndani ya sombe yenye karanga ni chakula cha kufaa kabisa. Mawese nayo yana vitamini A, lakini mama akiyachoma mpaka yageuke meupe, vitamini hiyo hupotea.

Hapa tunasema na akina baba. Katika nyumba nyingi, samaki huwekwa mbele ya baba na wana wa kiume, na binti hupata ugali na mchuzi. Lakini binti aliyekwisha kuvunja ungo hupoteza damu kila mwezi, na huhitaji madini ya chuma kuliko kaka yake. Akikosa, huhema upesi, huona kizunguzungu, na hata masomo humshinda. Apewe maharagwe, samaki na mboga za majani, pamoja na chungwa au pera ili mwili upokee chuma hicho vizuri. Chai asiinywe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kisipokewe.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango uitwao konzo. Jina hilo kwa Kiyaka maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtoto mwenye afya huweza kuamka miguu imekakamaa, wala haiponi maisha yake yote. Sababu yake ni sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa kwa mtu asiyepata protini. Katika miaka ya 1980, huko Bandundu, biashara ya muhogo wa kupeleka Kinshasa iliongezeka, na watu wakafupisha siku za kuloweka, konzo ikawapiga. Baadaye, wakati wa vita, ilionekana hata Kivu ya Kusini. Akina mama, msikubali haraka ya soko wala ya njaa: muhogo mchungu ulowekwe siku 3 hata ulainike, kisha uanikwe juani. Sombe nayo itwangwe na kuchemshwa sana.

Nanyi wanafunzi, shikeni desturi hii. Asubuhi, uji wenye sukari na karanga zilizosagwa, au kiporo cha viazi. Siku ya mashindano, mlo mkubwa uliwe saa tatu hivi kabla ya mbio. Ikikaribia saa yenyewe, ndizi mbivu moja yatosha. Maji safi yanyweni kabla na baada, wala msingoje kiu kali. Mkiisha kukimbia, kuleni mapema, maana ndipo misuli hujaza tena akiba yake.

Kikombe cha shule mshindi ni mmoja tu. Lakini miguu yenye nguvu na damu ya kutosha kila mtoto anavihitaji, awe wa kwanza au wa mwisho. Jioni hii, kabla ya kugawa kitoweo, mzazi na aangalie sahani ya kila mmoja.