Mgeni wa Heshima Akichelewa, Wanaolowa ni Wakimbiaji



Huku kwetu Butere, Krismasi haiishii kanisani na mezani. Watu wakishateremka kutoka Nairobi, Mombasa na Nakuru, siku ya pili huwa ya michezo: kandanda ya vijiji, kuvuta kamba, na siku hizi mbio za barabarani. Mbio zenyewe nazipenda. Utamwona mwanafunzi wa darasa la sita asiye na viatu, kijana wa boda boda aliyeegesha pikipiki yake kwa muda, shangazi aliyefunga leso juu ya fulana ya mfadhili, na yule jamaa wa Nairobi ambaye baada ya kilomita mbili hukumbuka kwamba tangu Januari hajakimbilia kitu ila matatu. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na saa ya kuanza.

Tangazo la mara ya mwisho lilisema saa mbili asubuhi. Gari la vipaza sauti lilizunguka kutoka soko la Butere hadi Sabatia likisisitiza kwamba ni saa mbili kamili. Saa mbili ilipofika, wakimbiaji walikuwa wamejipanga barabarani. Wakaambiwa mgeni wa heshima yuko njiani. Saa nne akawa bado yuko njiani. Kufikia saa sita waliotangulia kumsubiri walianza kutambulishana, na kila aliyetambulishwa akaomba "dakika moja tu" ya kuwasalimia wananchi. Watoto hawakuwa wametia kitu tumboni tangu chai ya alfajiri, maana walimu wao waliwakanya wasikimbie wakiwa wameshiba. Filimbi ilipulizwa mwendo wa saa nane na nusu, wingu likiwa limeshatanda upande wa Ziwa Victoria. Wa kwanza hajafika mahali pa kugeuzia, mvua ikashuka.

Anayeijua barabara yetu ya kuelekea Mumias anajua matrekta ya miwa huiachia lami tope jekundu. Tope hilo likipata maji, hata mtu mzima anayetembea hushika ua. Wakimbiaji walianguka. Waendesha boda boda, ambao hakuna aliyewafungia barabara, walipita katikati yao wakipiga honi huku wameinamisha nyuso kwa mvua. Msichana mmoja aliteleza akaingia mtaroni, akateguka kifundo cha mguu. Ambulensi haikuwepo. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na mamake. Wadogo walikimbilia chini ya miti ya mikaratusi, ngurumo zikipasuka juu yao, na hakuna msimamizi aliyethubutu kutoka nje kuwaita. Wasimamizi walikuwa hemani. Hema lilikuwa moja, nalo lilikuwa la wageni.

Mvua ilipopungua, mkubwa mmoja alishika kipaza sauti akatuambia mvua ni baraka. Sikatai, sisi ni wakulima. Lakini baraka hiyo ilikuja kwa wakati wake wa kawaida. Aliyechelewa si mvua.

Wanaoandaa mbio hizi hupenda kusema kwamba hali ya hewa iliwashtukiza. Kaunti yetu ya Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Tena mvua yetu nyingi ni ya alasiri. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuja bara, ukakutana na ule utokao mashariki kwenye miinuko ya Nandi, mawingu yakapanda, na kuanzia saa nane hivi yakafunguka. Bibi anayeanika mahindi hajasomea haya, ila huanika asubuhi na kuanua saa saba. Na anayedhani Desemba ni kiangazi tu akumbuke mvua za mwisho wa 2019, na zile za El Niño za 2023. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, redio huusoma. Kuusikiliza hakuna gharama.

Najua nitaambiwa kwamba mwanariadha wa kweli haogopi maji. Watanitajia Boston Marathon ya 2018, ambayo nayo hukimbiwa siku ya sikukuu, Patriots' Day. Kweli, siku hiyo kulikuwa na mvua ya baridi na upepo wa kukabili. Mwenzetu Geoffrey Kirui, aliyekuwa bingwa mtetezi, aliongoza hadi karibu na mwisho, kisha akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi. Wakimbiaji mashuhuri kadhaa waliacha njiani kwa baridi. Lakini mbio zile zilianza kwa saa iliyotangazwa, barabara ilikuwa imefungwa, na aliyezidiwa alikuta hema la matibabu likimngoja. Kulowa ukiwa umeandaliwa blanketi na daktari ni mchezo. Huku kwetu unalowa ukiwa na njaa, na mwenye hema anakutazama.

Kama tunataka kuiga, tuige São Paulo kule Brazili. Mbio zao za São Silvestre, ambazo mwenzetu Paul Tergat alizishinda mara tano, hukimbiwa Desemba 31, na huko Desemba ni msimu wa mvua. Kwa miaka mingi zilikuwa za usiku, baadaye zikawa za alasiri. Mwaka 2012 waliziweka asubuhi, na hadi leo ni asubuhi. Mashindano ya tangu 1925 yaliweza kubadilisha saa. Yetu ya juzi hayawezi?

Kuna jambo zito zaidi ya matope. Mei 2021, katika mbio za milimani mkoani Gansu, China, hali ya hewa iligeuka ghafla na wakimbiaji 21 wakafa kwa baridi. Mtu atasema Butere si milima ya China. Basi tutazame jirani: mwaka 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao, nao walikuwa darasani. Sisi wetu walikuwa chini ya mikaratusi. Kanuni inayofuatwa na wasimamizi wa michezo ya nje ni rahisi: ukiona umeme na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30 kupita, mchezo unasimama, watu wanaingia ndani ya jengo, na hawatoki hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hema la vyuma si jengo, hata likiwa na viti vya sofa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka huduma za ambulensi na michezo ya mashinani mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo si fadhila kumwomba mwandaaji aoneshe, kabla ya kukusanya watoto wetu, kwamba ambulensi imepatikana, polisi wa trafiki wamearifiwa, na shule au kanisa lililo kando ya njia limekubali kufungua milango mvua ikija. Pesa zipo, maana fulana zilichapishwa na sofa zilikodiwa.

Kuhusu mgeni wa heshima, dawa yake haina gharama yoyote. Mbio zianze saa moja asubuhi bila yeye. Yeye aje saa nne kutoa zawadi, na akichelewa, chifu wetu ana mikono miwili ya kutosha kumkabidhi mshindi gunia la unga. Hotuba zije baada ya hapo, ziwe ndefu atakavyo, mradi watoto wameshakula na kuondoka.

Krismasi inakuja na gari la vipaza sauti litapita tena. Binti yangu anataka kukimbia, nami sitamzuia. Nimemwambia tu kwamba saa tatu ikifika hawajaondoka, avue namba, amrudishie aliyempa, aje nyumbani.

Mzazi,
Butere, Kaunti ya Kakamega