Kanga Si Jina Tu

Wasomi wa sanaa wana desturi iliyozoeleka mno hata haionekani tena kuwa kosa. Wakishika kanga husoma jina lake, wakafumbua fumbo lake, kisha wakaikunja. Pindo na mji hutajwa kwa haraka. Pamba haitajwi kabisa. Tena hao hao hudai kuwa maua na korosho zilizochapwa juu ya nguo hiyo ni ushahidi wa mapenzi ya Mswahili kwa maumbile.

Dai hilo ni nusu ya kweli. Korosho ya kanga ni picha. Uhusiano wa mtu na ardhi umo katika uzi. Na pamba, kabla haijawa uzi, ina habari yake Didia na katika Usukuma yote. Tangu miaka ya 1920 miti ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba yakapanuka. Malisho yakapungua, kuni zikawa safari. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wenyeji wakafufua ngitili, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa majani na miti.

Huenda mtu akajibu kwamba kazi ya mhakiki ni maneno na michoro, na udongo ni kazi ya bwana shamba. Jibu hilo lingefaa kama nguo ingekuwa karatasi. Nguo ya gome ya Waganda, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, haielezeki bila kuutaja mti wa mutuba, ambao hubanduliwa gome, ukafungwa majani ya mgomba, ukaachwa hai uote jingine. Kwa nini pamba ihukumiwe kwa sheria nyingine?

Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa marobota, na nguo hufika dukani bila kumbukumbu ya shamba lolote. Uhakiki unaonyamaza juu ya jambo hilo humsaidia mfanyabiashara kumfuta mkulima.

Basi vyuo vianze somo la kanga udongoni. Mwanafunzi asomaye jina aulizwe pia pamba hupandwa wapi, ardhi ile ilifyekwa kwa amri ya nani, na ni nani waliosubiri miti irudi.