Simu mpya, ubongo wa zamani: Apple inauza nini?

WAHENGA walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Karibu kila mwezi Septemba kampuni ya Apple ya Marekani huupima msemo huo kwa kutangaza matoleo mapya ya simu yake ya iPhone, na watu wengi duniani hujiuliza iwapo wakati umefika wa kuiweka kando simu waliyo nayo.

Miaka ya mwanzo jibu lilikuwa rahisi. Baada ya iPhone ya kwanza kuingia sokoni Juni 2007, matoleo yaliyofuata yalileta mambo ambayo mtumiaji aliyaona kwa macho yake. Mwaka 2008 lilikuja duka la programu, mwaka 2010 kioo chenye maandishi makali na kamera ya mbele, na mwaka 2013 kufungua simu kwa alama ya kidole.

Siku hizi jibu limekuwa gumu, na mfano ulio wazi ni iPhone 14, iliyotangazwa Septemba 7, 2022.

Simu hiyo ilikuja na chipu ya A15, ambayo ndiyo ubongo wa simu. Chipu hiyo ilikwisha kutumika katika iPhone 13 ya mwaka 2021. Nyongeza yake katika kushughulikia picha nayo haikuwa ngeni, kwa kuwa ilikuwamo tayari katika iPhone 13 Pro. Kioo kilibaki cha inchi 6.1 na umbo halikubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Bei nayo haikupungua. Nchini Marekani ilibaki dola 799, na Uingereza ilipanda kutoka pauni 779 hadi pauni 849. Wakati huohuo iPhone 13 ilishushwa hadi dola 699. Mnunuzi akatakiwa kuongeza dola 100 ili apate simu inayofanana mno na ile ya mwaka uliopita.

Ni haki kusema kwamba yalikuwapo mapya. Kamera iliboreshwa, na simu iliweza kutambua ajali ya gari na kuomba msaada kupitia setilaiti mahali pasipo na mtandao. Kwa mtu aliyepotea milimani, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, huduma ya setilaiti ilipoanza Novemba 2022, ilianza Marekani na Kanada tu. Mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyeinunua simu hiyo wakati ule aliilipia sifa ambayo hakuweza kuitumia.

Je, ubunifu umekauka? Ushahidi hauonyeshi hivyo. Mwaka huohuo wa 2022, chipu mpya ya A16 na kamera ya megapikseli 48 viliwekwa katika iPhone 14 Pro, iliyoanzia dola 999.

Aidha, kioo kinachojichora upya hadi mara 120 kwa sekunde, ambacho huifanya picha iteleze vizuri machoni, kilikuwa katika matoleo ya Pro tangu 2021. Simu ya kawaida ilikipata Septemba 2025, iPhone 17 ilipotangazwa. Bei ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa dola 799 zilezile.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Wahandisi hawakukosa la kufanya. Maboresho yaliyokuwapo tayari yaliwekwa katika simu ya bei kubwa, na mwenye fedha pungufu akaachiwa jina jipya. Kampuni inaweza kufanya hivyo kwa sababu mteja aliyekwisha kuhifadhi picha, ujumbe na programu alizozinunua katika mfumo mmoja huona taabu kuhama.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuibadili hali hiyo. La kwanza ni sheria. Apple ilitumia tundu lake la chaji la Lightning katika iPhone kuanzia mwaka 2012. Oktoba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha sheria ya chaji ya aina moja, ianze kutumika mwishoni mwa 2024. Ilipofika Septemba 2023, iPhone 15 ikatoka na tundu la USB-C.

La pili ni mnunuzi mwenyewe. Mwishoni mwa 2017, baada ya kulaumiwa kwa kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, Apple ilishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Januari 2019 mtendaji mkuu, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji kuwa mapato ya robo mwaka yangekuwa takriban dola bilioni 84, chini ya bilioni 89 hadi 93 zilizotarajiwa. Sababu kubwa aliyoitaja ni kuzorota kwa uchumi wa China, lakini betri hizo za bei nafuu nazo zilitajwa.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Mwaka 2024 iPhone 16 ilinadiwa kwa ahadi ya akili mnemba, lakini huduma hizo hazikuwamo simu zilipoanza kuuzwa. Za kwanza zilifika Oktoba kwa Kiingereza cha Marekani, na Machi 2025 kampuni ikakiri kuwa maboresho makubwa ya msaidizi wake, Siri, yangechelewa.

Kwa msomaji anayepanga kununua, swali la kuuliza dukani ni hili: simu hii itanifanyia nini leo, mahali nilipo, ambacho ya zamani haiwezi? Muuzaji akikosa jibu, betri mpya huenda ikatosha. Kalenda ya kiwanda haipaswi kuwa kalenda ya mfuko wa mnunuzi.