Likizo ya Theluji Ulaya: Chagua Mlima kwa Ajili ya Asiyeteleza

Haya wasee, leo nasema kitu ambacho najua kuna watu watanirukia. Poa tu, nirukieni.

Tangu mwezi wa nane, grupu ya WhatsApp ya familia yetu imekuwa vita. Sisi tumezaliwa watatu. Dada yangu mkubwa ni nesi Munich, kaka yangu anafanya kazi Manchester, na mimi kitindamimba niko Nairobi na kamera yangu. Mama yuko Nyahururu. Mara ya mwisho sisi wanne kulala chini ya paa moja ilikuwa wiki ya mazishi ya Baba, miaka mitano iliyopita. Kwa hivyo dada aliposema, "Tukutane huku Januari, tumwonyeshe Mama theluji," hakuna aliyebisha. Vita ilianza na neno moja tu: wapi?

Kaka hakungoja. Alitupa video ya Val Thorens, Ufaransa. Watu wanashuka mlima kama risasi, jua linawaka, muziki juu. Mama akatuma sauti akiuliza huko ni juu kiasi gani. Kaka kwa madoido akajibu, "Mita 2,300, Mama. Ulaya nzima hakuna kijiji cha kuteleza kilicho juu kuliko hicho."

Mama akacheka. "Sasa nitoke Nyahururu nipande ndege niende Nyahururu?"

Na hakuwa anakosea. Nyahururu iko karibu urefu huohuo. Tulicheka wiki nzima. Lakini jioni moja alinipigia mimi peke yangu akauliza swali ambalo halikuwa na kicheko: "Mkienda huko kuteleza, mimi nitakuwa wapi?"

Manze, sikuwa na jibu. Video zote tulizokuwa tumetumiana, hakuna hata moja iliyokuwa na mtu wa umri wake, mwenye goti linalosumbua, akifanya chochote isipokuwa kukaa mkahawani akingoja wenzake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na ndio maana naandika. Kama mnaenda likizo ya theluji kama familia au kama marafiki, msianze na jina la mlima. Msianze na kilomita za njia. Anzeni na yule ambaye hatateleza, au atakayejaribu siku moja aanguke mara kumi na mbili na aseme imetosha. Mtafutieni yeye mahali kwanza. Wanaojua kuteleza watapata tu pa kuteleza, milima ya Alps haijaisha.

Najua utaniambia, si basi asiyeteleza abaki nyumbani? Sikia. Sisi watu wa kutoka huku, wengi wetu ndio hao wasioteleza. Ndiyo, tuna majina yetu. Philip Boit alituwakilisha Nagano mwaka 1998 kwenye mbio za kilomita 10 za skii, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye utepe amkumbatie. Sabrina Simader, aliyelelewa Austria, aliivalia Kenya jezi huko Pyeongchang mwaka 2018. Lakini mimi na wewe sio Simader. Tukifika kule, siku tatu za kwanza tuko pale chini kwenye kimteremko cha watoto, tunafunzwa kusimama.

Sasa angalia hesabu. Val Thorens imeunganishwa na eneo linaloitwa Les Trois Vallées, kilomita 600 za njia za kuteleza. Kilomita 600! Hiyo ni Nairobi mpaka Mombasa na chenji inabaki. Anayeanza atatumia ngapi? Mita mia mbili, zilezile, juu na chini, mpaka jioni. Ni kama kununua gunia la mchele ukiwa unakula peke yako na unaondoka kesho.

Na hilo gunia si bei ya rejareja. Kwenye vituo vikubwa vya Austria, tiketi ya lifti ya mtu mzima sasa inapita yuro 70 kwa siku. Ukipiga yuro kwa shilingi 150, hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000, kwa siku, kwa mtu mmoja, kabla hujakodi viatu, skii na helmeti, kabla hujamlipa mwalimu. Vituo vingi vina tiketi ya bei nafuu ya lifti za wanaoanza, lakini lazima uiulizie. Nguo usinunue kule. Jaketi nzito za theluji zimejaa Gikomba, na zingine zimeshawahi kuona mlima kuliko sisi sote.

Jambo la pili ni urefu, na hili nimelilipia mwenyewe. Januari ya mwaka juzi nilimtembelea dada, tukajifanya wajanja, tukachukua mahali pa bei ya chini, kijiji fulani kilicho chini ya mita 1,000. Jina silitaji. Picha zao zilikuwa nyeupe pe! Tulipofika kulikuwa kunanyesha mvua. Si theluji, mvua, ile ya Limuru mwezi wa saba. Mlima ulikuwa kijani, na katikati kulikuwa na ukanda mmoja mweupe wa theluji ya mashine, kama chokaa imemwagwa kwenye uwanja wa shule. Mashine hizo nazo zinataka baridi. Joto likipanda zinasimama tu hapo kama mapambo. Mafunzo tulikuwa tumelipia mbele, na pesa hairudi. Siku tatu nilicheza karata na dada yangu, nikajifunza kusema "pole" kwa Kijerumani.

Kwa hivyo sikudanganyi kwamba urefu si kitu. Ninachosema ni kwamba usiangalie namba moja, angalia mbili: kijiji kiko wapi, na lifti inafika wapi. Kitzbühel, kwa mfano, ina jina kubwa, mbio zake za Januari zinatazamwa dunia nzima, lakini mji wenyewe uko kama mita 760 tu. Theluji ya uhakika unaifuata juu. Zermatt kule Uswisi, pamoja na sifa zake zote, kijiji kiko chini ya Nairobi. Ndiyo, chini ya Nairobi! Sisi tuko kama mita 1,700, wao wako 1,600 na kidogo. Lakini lifti zao zinakwea mpaka karibu mita 3,900, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Na niseme ukweli, Zermatt ingemfaa Mama. Magari ya petroli hayaruhusiwi kijijini, na kuna treni ya mlimani inayokupandisha mpaka Gornergrat, mita 3,089, tangu mwaka 1898. Mtu asiyejua hata kufunga kiatu cha skii anakaa dirishani anauangalia mlima Matterhorn kama malkia. Shida ni moja tu, bei. Uswisi ukinywa chai unahisi kama umelipa karo ya muhula.

Upande wa pili kuna Bansko, Bulgaria. Bei nafuu sana ukilinganisha na Alps, na tangu 2025 Bulgaria iko ndani ya Schengen kikamilifu, kwa hivyo viza ni ileile. Rafiki zangu wa umri wangu nawaambia, nendeni. Lakini pale unalala mjini, na mteremko uko juu. Asubuhi watu wanapanga foleni ndefu ya lifti ya kuwapandisha. Anayeteleza atavumilia. Mama yangu akibaki chini asubuhi mpaka jioni, tumerudi palepale kwa swali lake.

Ndio maana mimi nilipigia kura Seefeld, Austria, jimbo la Tirol. Si jina la kutingisha Instagram, najua. Kijiji kiko kama mita 1,200 juu ya bahari, yaani juu kidogo ya Kisumu, kwenye uwanda wa tambarare katikati ya milima. Hiyo tambarare ndiyo siri yenyewe. Seefeld inajulikana zaidi kwa skii za tambarare, zile za Boit, za kusukuma miguu kwa pumzi yako. Ndiko mbio za aina hiyo zilikofanyika wakati Innsbruck ilipoandaa Olimpiki za majira ya baridi, 1964 na 1976. Na kwa sababu ni tambarare, kuna njia za kutembea kwa miguu kwenye theluji iliyoshindiliwa. Unavaa buti, unashika fimbo, unaenda. Kuna mikokoteni ya farasi inayoteleza kwenye theluji. Kuna kanisa dogo la karne ya 17 pembeni mwa kijiji, na nikimjua Mama, hapo ndipo ataanzia.

Kisha kuna treni ya mlimani inayopanda mpaka Rosshütte, zaidi ya mita 1,700. Mama atatoka urefu wa Kisumu afike urefu wa Nairobi kwa dakika chache, bila kuvaa skii, na atukute pale juu tukianguka. Chakula cha mchana tunakula pamoja. Hiyo kwangu ndiyo likizo.

Kufika pia ni rahisi. Kutoka Munich ni treni, kupitia Garmisch-Partenkirchen, na stesheni iko katikati ya kijiji. Hakuna kukodi gari, hakuna kaka yangu kuendesha kwenye barafu akijifanya dereva wa Safari Rally.

Sasa, kaka hakufurahi, na ana hoja. Yeye anateleza vizuri, amejifunza miaka mitatu, na njia za Seefeld atazimaliza siku mbili. Pia mita 1,200 si dhamana. Mwaka ukiwa mbaya, hata huko kijijini inaweza kuwa mvua. Hoja zote mbili ni za kweli. Kama safari ingekuwa yake na marafiki zake, ningemwambia aende Val Thorens leo. Lakini Seefeld mpaka Innsbruck ni treni ya chini ya saa moja, na pale mjini kuna lifti zinazokupeleka Nordkette, zaidi ya mita 2,200, kwenye miteremko ya kutisha watu wazima. Achukue siku zake mbili huko aende. Hiyo ndiyo maana ya kuchagua kwa ajili ya asiyeteleza: anayeweza ndiye anayesafiri kidogo zaidi, si anayeshindwa.

Tarehe nayo ni uamuzi. Krismasi na Mwaka Mpya bei zinapaa, na Februari shule nyingi za Ulaya zinafunga, milima inajaa watoto wanaokupita wakiwa na miaka minne. Katikati hapo, wiki ya pili mpaka ya tatu ya Januari, ndiyo nafasi ya mtu wa kawaida: baridi imekolea na umati umerudi kazini.

Na kwa Wakenya wenzangu, mlima unaochagua unachagua pia ubalozi. Maombi ya Schengen yanaenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Sisi Mama atakaa kwa dada siku kumi na Austria siku tano, kwa hivyo ni Ujerumani, si Austria. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na ukikataliwa hairudi. Unaweza kuomba mpaka miezi 6 kabla, kwa hivyo usingoje Desemba. Hata kaka, kukaa kwake Manchester hakumsaidii. Kwa pasipoti ya Kenya anaomba kama sisi. Bima lazima ifike yuro 30,000, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za viza hazigusi ajali ya kuteleza, na helikopta ya kukutoa mlimani haiji kwa M-Changa. Na hoteli, weka ile unayoweza kufuta bila kulipa mpaka viza itoke. Nimeona watu wakilia mara mbili, kwa viza na kwa hoteli.

Kura ilipigwa Jumapili. Seefeld tatu, Val Thorens moja. Kaka amekubali kwa sharti la siku zake mbili za Nordkette, na ameshaanza kumtumia Mama video za farasi, kwa hivyo najua moyo umelainika. Viza bado hatujapata. Inaweza kukataliwa, na mimi nimejiambia hilo mapema, kwa sababu Mama hajajiambia.

Yeye jana alinitumia picha ya buti alizonunua sokoni Nyahururu, shilingi mia nane, za manyoya ndani. Akauliza kama zitafaa. Nimemwambia ageuze anionyeshe soli, maana kwenye barafu soli laini ni hatari. Bado nangoja hiyo picha.

Wewe ungempeleka mzazi wako wapi? Sitaki majina makubwa. Niambie mahali ambapo yeye angekuwa na la kufanya saa nne asubuhi, nyinyi mkiwa mlimani.