Msomi Haharibiki kwa Kuingia Serikalini

Muhula uliopita, katika mdahalo wetu hapa Kampala, mwenzetu mmoja alisema kwamba mtafiti anayekubali uwaziri ameuza kalamu yake. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi sikupiga. Kauli hiyo ni tamu masikioni lakini si ya kweli, na shahidi wangu ni Nurul Islam, mchumi wa Bangladesh.

Alizaliwa Chittagong mwaka 1929. Alipata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1955, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dhaka, kisha akaongoza taasisi ya utafiti wa uchumi wa maendeleo mjini Karachi. Wakati huo Bangladesh ilikuwa bado Pakistan ya Mashariki. Juti, zao linalofumwa magunia kama yale tunayotilia kahawa, lililimwa mashariki na kuiingizia Pakistan fedha nyingi za kigeni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika magharibi. Islam na wachumi wenzake wa Kibengali walisema wazi kwamba nchi ile moja ilikuwa na chumi mbili. Kufikia mwaka 1970, pato la wastani la mtu wa magharibi lilizidi la mtu wa mashariki kwa asilimia 61.

Sasa nawauliza wenzangu: mtu aliyeandika hayo angewezaje kukaa kando? Sheikh Mujibur Rahman alipodai mamlaka zaidi kwa mashariki, Islam alikuwa miongoni mwa waliomshauri kuhusu uchumi. Vita vya 1971 vilimfanya mkimbizi. Uhuru ulipopatikana, mwaka 1972 aliitwa kuwa Naibu Mwenyekiti wa Tume ya Mipango, cheo chenye hadhi ya waziri. Je, angejibu kwamba kazi yake ni kuandika tu, kutenda watende wengine? Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Najua wapinzani wangu watataja njaa ya 1974, na wana haki kuitaja. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, kazi kubwa ya tume yake, ulianza mwaka 1973. Mwaka uliofuata watu walikufa kwa njaa. Serikali ilikiri vifo kama 26,000. Watafiti wamekadiria idadi kubwa zaidi mara nyingi. Mafuriko yalikuja, bei ya mchele ikapanda, hazina haikuwa na fedha za kigeni, na Marekani ikachelewesha msaada wa chakula kwa sababu Bangladesh iliiuzia Cuba magunia ya juti. Baadaye Amartya Sen alionyesha kwamba mwaka ule chakula nchini hakikuwa kimepungua kuliko miaka iliyotangulia. Kilichopungua ni uwezo wa kibarua wa shambani kukinunua.

Sisemi Islam hana lawama. Mapema mwaka 1975 aliondoka, akaenda Oxford. Kibarua wa Rangpur, wilaya iliyoumizwa sana na njaa ile, hakuwa na Oxford ya kukimbilia. Jambo hilo linaniuma kila ninapomtetea mtu huyu, na sitalificha.

Lakini tazameni alichofanya baada ya kutoka. Mwaka 1977 alichapisha kitabu kuhusu upangaji wa maendeleo nchini Bangladesh, akichambua siasa zilizoukwamisha, na mwaka 2003 akairudia safari yote katika kumbukumbu zake. Alifanya kazi katika Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kule Roma, akashughulikia sera za chakula. Alifariki mwaka 2023. Je, huyo ni mtu aliyeuza kalamu? Kalamu iliyouzwa hairudi kwa mwenyewe kuandika hesabu ya yaliyoharibika.

Kwa hiyo, wasomi wenzangu, swali letu lilikuwa bovu tangu mwanzo. Tusiulize kama mtafiti aliingia serikalini. Tuulize aliingia na nini, alifanya nini alipoona mambo yanakwenda kombo, na alipotoka alisema nini. Msomi anayenyamaza baada ya uwaziri tumlaumu. Anayekataa kazi ili abaki msafi naye tumlaumu, maana kiti anachokikataa hakibaki wazi: hukaliwa na mtu asiye na takwimu wala aibu.

Mwaka huu namaliza shahada yangu. Baadhi yetu tutaajiriwa wizarani, wengine watabaki kufundisha, na tutakutana tena tukirushiana maneno. Nikiitwa, nitakwenda. Ila nawaomba wahadhiri wetu na ninyi mliopiga makofi siku ile: nikitoka, nidaini hesabu.