Hodi usiku wa Belfast
Safu ya Jumapili, na Rehema Shauri

Kwetu mtu akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa, huenda zake. Gary Hook, askari kijana wa Uingereza katika filamu ya '71, hana pa kwenda. Wenzake wamepanda magari wakamwacha katikati ya ghasia za Belfast mwaka 1971, na giza linaingia.

Filamu hiyo ya Yann Demange ilitoka mwaka 2014. Bunduki zimo tele, lakini kilichonibana pumzi ni milango. Falls Road ni ya Wakatoliki, Shankill Road ya Waprotestanti, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi tu wa miguu. Hook ni mgeni, mtaa upi ni wa nani hajui. Mtoto anamuuliza yeye ni Mkatoliki au Mprotestanti, naye anajibu kwamba hajui hata hilo.

Baadaye bomu linalipuka. Eamon, Mkatoliki aliyewahi kuwa tabibu jeshini, anamwokota Hook akivuja damu na kumpeleka nyumbani kwake, kwenye maghorofa ya Divis. Anamshona kidonda. Binti yake yupo hapo hapo, na wote wawili wanajua jirani wakinusa habari hii itakuwaje. Hapo ndipo nilipoacha kumhofia Hook nikaanza kumhofia mwenye nyumba.

Carol Reed aliliona jambo hili mapema, mwaka 1947, katika filamu ya Odd Man Out. Johnny McQueen, aliyechezwa na James Mason, si askari bali kiongozi wa kundi la siri, amepigwa risasi katika wizi wa kulitafutia kundi lake fedha. Wanawake wawili wanamkaribisha wakidhani amegongwa na gari. Wakigundua ni nani, nyumba nzima inaingiwa na hofu, naye anajikokota kurudi barabarani.

Mtunzi asiyetaka kuketi na wenye nyumba hao jikoni mwao, asiuguse mji uliogawanyika. Kenya mapema mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, wapo waliopigiwa hodi kama hiyo na jirani wa kabila jingine, wakafungua.

Mapatano ya amani ya Ireland Kaskazini ya mwaka 1998 yalikuta watu takriban 3,500 wamekwisha kuuawa, wengi wao raia wa kawaida. Kuta zilizoanza kujengwa Belfast mwaka 1969 kutenganisha mitaa zingali zimesimama, na baadhi ya malango yake bado hufungwa usiku.