Kabla Hujanunua Jiko



Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kununua mbegu za mboga. Nilizipata Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Gari la kurudi lilikuwa bado, nikatembea mpaka Gerezani kwa mafundi wa bati. Huko nyundo hazinyamazi. Mabati hukatwa, hukunjwa, yakawa majiko.

Nilitazama sana jiko lenye udongo ndani. Mwaka 1988 serikali, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa Jiko Bora mjini humo. Mafundi walifundishwa kulitengeneza, na akina mama walionyeshwa kulitumia. Kwa nini udongo? Jiko la bati tupu hupoteza joto mbavuni. Udongo uliochomwa hulizuia joto lisitoke, likapanda kwenye sufuria. Mkaa kidogo huivisha chakula kile kile.

Sisi mabwana shamba tunayajua maonyesho. Shamba la mfano hustawi, kwani mbolea imetoka serikalini. Msimu wa pili mkulima hulipa mwenyewe, na hapo ndipo tunapoona kama amekubali kweli. Mwaka 1975 Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lilianza kuwajengea wananchi mitambo ya gesi ya samadi. Ni kitu kizuri. Lakini mtambo ule hutaka ng'ombe, maji, na pipa la chuma ambalo hushika kutu. Fundi akiwa mbali, mtambo hulala. Fundi wa jiko yupo mtaani, anagonga.

Sasa serikali inahimiza nishati safi ya kupikia. Mkakati wa mwaka 2024 unataka watu 80 katika kila 100 waitumie ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya gesi imeuzwa kwa ruzuku. Nakubali, maana mkaa unamaliza miti yetu. Lakini kabla hujachukua mtungi, uliza: gesi ikiisha nitaujaza wapi? Kwa bei gani? Na nauli je?

Kama bado unapikia mkaa, kagua udongo wa jiko kabla ya kulipa. Usiwe na ufa, wala usicheze ndani ya bati. Siku ya kwanza washa moto mdogo. Wala usimwagie maji jiko la moto. Mimi langu la kwanza nililipasua hivyo, nikitaka kuokoa mkaa. Mke wangu hakusema neno, alininyoshea kidole kwenye ufa tu. Siku hizi tunatoa makaa kwa koleo, tunayafunika katika debe.